Mama Kendi, Kuhusu Ile Shelfu ya Kulabu

Mama Kendi, mke wangu usiyenijibu siku hizi,

Kabla ya salamu, jua nimekasirika. Aliyenikasirisha ni wewe, na wewe mwenyewe umelala zako pale juu ya shamba la viazi, huu ni mwaka wa pili, hata kugeuka hugeuki.

Naandika kwa mkono wangu. Kendi alitaka nizungumze halafu yeye aandike kwa simu, nikakataa, kwa sababu binti yako ana tabia ya kunyoosha maneno yangu mpaka yanafanana na ya mtu mwingine. Shule niliacha darasa la tatu, hilo kijiji chote cha Kiirua kinajua. Lakini kutoka hapa mpaka Embu, nionyeshe mtu anayekunja bati kama mimi. Kona nikiikunja mimi, mtoto anapitisha kidole na hakatiki. Hata wewe ulikuwa unakubali. Ulikuwa unasema, "Mikono unayo, Baba Kendi." Halafu unanyamaza, kama mtu ambaye amebakisha nusu ya maneno mdomoni.

Hiyo nusu ndiyo imeniletea shida.

Ilianza mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi kule Kanyakine alipokuja karakana. Kijana mpole, viatu safi, akatafuta mahali pa kukanyaga. Akasema amesikia kwamba mimi ndiye nilitengeneza shelfu ya kulabu ya kwanza pande hizi, ile ambayo mwenye duka anaweza kuipandisha na kuishusha mwenyewe bila kuita fundi. Wanataka ile ya kwanza kabisa iwekwe kwenye karakana ya wanafunzi, na kando yake bamba lenye jina la aliyeibuni. Nikamwambia karibu, nilikuwa nashangaa mtakuja lini.

Kendi alikuwa pale anapiga hesabu ya misumari. Akatoa simu, akanionyesha picha. "Baba, lakini hizi ziko kila mahali duniani. Zilikuwako hata kabla yako."

"Na hao watu walikuja Kiirua lini kuniibia?" nikamwuliza.

Mwalimu akacheka. Akasema, "Hapana, Kendi, mzee hakuwa ameona hizo. Yeye aliitoa kichwani mwake. Au sio, mzee?"

Nami nikajibu, "Kichwani mwangu."

Hapo ndipo ulipoanza kunisumbua. Tangu siku hiyo nikikunja bati nakusikia ukinyamaza.

Kwa hivyo wacha niseme yote, na niseme mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilijisifu. Nimemwambia Kendi barua hii aitoe popote watu wanasoma. Mtu akicheka, acheke.

Unakumbuka lile duka lako la kwanza hapa kando ya barabara? Nilikuwa nimekuleta kutoka Ishiara, na gunia la ndengu za kwenu, na ulikuwa umepanga vitu vyako juu ya mbao na mawe ya kujengea. Panya walikuwa wanapanda hizo mbao kama ngazi ya kwao. Nikasema mke wangu hatauza sukari na panya. Nikakutengenezea shelfu ya bati, yote imechomelewa, na nikaipima kwa vitu vyenyewe. Sukari ilikuwa na nyumba yake, kiberiti nyumba yake, mkebe wa mafuta nyumba yake, sabuni ile ndefu ya kukatwa ikawa na pango lake, inaingia yote mpaka mwisho. Nilikuja na marafiki kuwaonyesha. Niliwaambia hata upepo hauna nafasi hapo.

Msimu mmoja wa mvua haukuwa umeisha, watengeneza sabuni wakanenepesha sabuni yao. Haikuingia tena. Ukaiweka chini ya kaunta, na kwenye pango la sabuni ukaweka mishumaa, ikawa inateleza ndani na unaitoa kwa waya. Ulisema tu, "Haya, fundi mkuu."

Nilidhani unanisifu.

Halafu yule muuza miraa wa Mikinduri. Hii nayo nitaisema, ingawa mpaka leo nikipita Mikinduri nageuza uso. Alitaka kitu cha kuwekea miraa yake pale stendi. Mimi mtu wa Meru, nimezaliwa na miraa mlangoni, najua kama kila mtoto anavyojua kwamba miraa inakaa ndani ya majani ya mgomba, inafichwa jua kama mtoto mchanga. Lakini siku hiyo nilikuwa nimepata bati jipya, linang'aa, unajiona uso. Nikatengeneza kama ngazi, hatua tatu, ili kila bunda lionekane na mpita njia. Nikamwambia ayatoe yale majani, yanaficha mali.

Alirudi siku hiyo hiyo. Ile ngazi ilikuwa nyuma ya pikapu, na miraa juu yake imekunjamana kama kuni za kuwashia. Hata hakunisalimia. Alisema, "Baba Kendi, mimi niliomba meza. Wewe umenitengenezea jiko."

Ulicheka mpaka ukakaa juu ya gunia la ndengu. Nilisusa chakula chako. Nilikula ulipoenda kanisani, na najua ulijua, kwa sababu uliniachia kimefunikwa. Uliporudi ndipo uliponiambia, "Wewe unaangalia bati. Angalia kitu kinachowekwa." Nikakwambia nenda kauze sukari yako.

Sasa tufike kwa Bwana Yusufu.

Kwa wasomaji ambao hawamjui, huyu alikuwa Mwislamu mwenye duka kubwa Meru mjini, babu yake alifika huku na malori akakaa. Mtu wa subira. Aliniagiza shelfu za duka zima, ukuta hadi ukuta. Kazi kubwa kuliko zote nilizokuwa nimepata. Nilichomelea kila kitu. Nilifunga kwa ukuta. Nikamwambia, "Bwana Yusufu, hizi hazitoki hata uite ndovu."

Zikaja zile chupa kubwa za soda. Nani alijua soda itakuwa ndefu hivyo? Nilienda dukani kwake nikakuta chupa zimelazwa ubavu, moja juu ya nyingine, kama wagonjwa. Bwana Yusufu alikuwa amesimama kati yao, mikono nyuma.

"Mzee wangu," akasema, "soda zimerefuka. Shelfu zako hazijarefuka."

Nikasema wateja watazoea. Akasema wateja hawataki kuinama wasome chupa iliyolala. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa, atazikata zote na ataita fundi kutoka Embu.

Fundi kutoka Embu! Unajua neno hilo lilivyoniingia. Nikarudi nyumbani nakwambia, na wewe, mtu wa upande wa Embu, ulicheka tena. Halafu ukaacha kucheka, kwa sababu uliona safari hii sili kweli. Kama Bwana Yusufu angekata shelfu zangu barabarani watu wakiona, hakuna mwenye duka Meru angenipa hata kazi ya kuziba bomba.

Ukaniambia, "Kwa nini unachomelea? Itundike."

"Shelfu sio shati," nikasema.

Ndipo ukanieleza habari ya baba yako na mizinga yake ya nyuki kule Ishiara. Ulieleza ukichagua ndengu kwenye ungo, hata hukuinua macho. Kwamba kila mzinga una kulabu ya mti, na baba yako hapigi msumari kwenye mti wowote. Kulabu inapita juu ya tawi halafu inashuka. Mzinga ukiwa mtupu unabembea. Ukijaa asali, uzito wenyewe unaufanya ushike zaidi. Na siku ya kurina anauinua kidogo tu, unatoka. Mzinga mmoja, tawi lolote analotaka.

Nikakwambia, "Mimi ni fundi wa chuma, sio wa nyuki." Hilo ndilo jibu nililompa mtu aliyekuwa ananiokoa.

Kesho yake nilitoka Meru na njaa, nikakaa mezani, na mahali pa sahani yangu kulikuwa na takataka ya bati. Ulikuwa umechukua mkasi wangu wa bati. Mkasi wangu, Mama Kendi, ambao hata Kendi alijua haushikwi! Ulikata mkebe wa mafuta, ukatoa ukanda mrefu, ukautoboa kwa msumari matundu yamefuatana kama vifungo vya koti, ukauegemeza kwa ukuta. Ukakunja kulabu ndogo mbili, ukazitundika kwenye matundu, na juu yazo kishelfu cha upana wa kiganja. Ukaweka kilo moja ya sukari. Kikashika. Ukaongeza ya pili. Kikashika zaidi. Halafu ukatoa sukari, ukakiinua, ukakishusha matundu matatu, ukarudisha sukari. Ulienda kuniletea chakula.

Nilikasirikia mkasi siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kazi.

Na bado nikajifanya najua. Kulabu zako zilikuwa zinaingia halafu zinashuka. Mimi nikakunja zangu zinaingia moja kwa moja, kama kidole, ili zisifanane na zako. Tukaweka kwenye duka lako kwanza. Ukageuka kuchukua kitabu cha hesabu ya mikate, kiwiko chako kikagusa, shelfu yote ikaja chini, mikebe ya mafuta ikabingirika mpaka kwenye lami na mama mmoja wa Kiirua akakimbizana nayo. Uliokota mkebe wa mwisho, ukaufuta kwa kanga, ukasema, "Iingie, halafu ishuke."

Nikakunja zinashuka.

Siku tulipomaliza kwa Bwana Yusufu ulikuwa umekuja kununua bidhaa za duka, ukanishikia mfuko wa vyombo. Yule mzee alipandisha shelfu, akashusha, akapandisha tena, kama mtoto aliyenunuliwa gari. Alisimamisha chupa za soda wima, zote, akaziangalia. Akanishika bega. "Mzee wangu, hii umeitoa wapi?"

Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Mfuko wangu ulikuwa mkononi mwako.

Nikasema, "Kichwani."

Wewe ukaangalia soda. Ukasema polepole, "Haya, fundi mkuu," na safari hii sikudhani unanisifu.

Baada ya hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Nimetundika Nkubu, nimetundika Chuka, nimetundika Runyenjes, na Embu mjini kwenyewe mafundi wao wakisimama nje wakiangalia. Nimetengeneza za mikate, za vitabu vya shule, za viatu, moja ya duara ya kuuzia miwani inazunguka ukiisukuma. Kila mahali waliniuliza na kila mahali nilisema kichwani. Mtu akisema uongo mara nyingi hivyo, unaacha kuwa na ladha ya uongo. Unakuwa kama chai ya asubuhi.

Na wewe kwa nini hukusema? Hilo ndilo linaniudhi kuliko yote. Ulikuwa na mdomo. Ulikuwa unaniumbua kwa chumvi, kwa soksi, kwa jinsi ninavyoimba kanisani. Ungenivuta masikio siku moja tu, tungegombana, tungemaliza. Hata pale hospitali, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nimeyapanga maneno, na wewe ukaniuliza kama nimeanika ndengu na kama kufuli la duka limeshika. Maneno yangu yakarudi tumboni. Ungenipa nafasi, Mama Kendi. Ndengu zingengoja.

Basi tukaenda Kanyakine. Mimi, Kendi, na ile shelfu ya kwanza nyuma ya pikapu, ile ya duka lako, imeng'olewa na bado ina alama ya kiwiko chako, mimi naijua hata kama wengine wanaona ni kutu. Wanafunzi walikuwa wamesimama wamejipanga. Niliongea vizuri, sitadanganya. Niliwaambia habari ya jiko la miraa wakacheka, ingawa nilisema ni fundi mwingine alilitengeneza. Niliwaambia habari ya soda. Halafu msichana mmoja mbele, mikono ya ovaroli lake kubwa ameikunja mara nne, akatia kidole kwenye tundu.

"Mzee, kwa nini kulabu inaingia halafu inashuka?"

"Ili ishike. Ukiongeza mzigo inazidi kushika."

"Sawa. Lakini ulijuaje?"

"Ni akili tu."

Wenzake wakaandika. Yeye hakuandika. "Akili ilianzia wapi, mzee? Uliona nini?"

Nikasema, "Swali lingine." Nikamtazama Kendi aniokoe, na Kendi alikuwa anaangalia madirisha. Mama Kendi, aliyaangalia hayo madirisha vile ulivyoziangalia soda. Shingo ile ile.

Tukarudi. Kendi akaendesha mpaka tukapita Nkubu. Halafu akasema, macho barabarani, "Baba, habari ya mizinga ya guka wa Ishiara naijua."

Nikamwuliza nani amemwambia.

"Mama. Nilikuwa bado shule. Akaniambia nisikwambie ninajua. Alisema, 'Baba yako atasema mwenyewe. Kichwa chake ni kigumu, lakini hakijaziba.'"

Kumbe ulikuwa unaningoja! Miaka yote hiyo unanipikia, unanifulia, umetulia, unaningoja nitoe ukweli, kama mtu anayengoja mtungi ujae. Halafu ukachoka kungoja, ukaenda zako, ukaniachia binti yako aendelee kuangalia madirisha. Nilikasirika mpaka nikamwambia asimamishe gari. Nikashuka. Nikasimama kando ya barabara, sikuwa na cha kufanya hapo, nikapanda tena.

Nikampigia mwalimu simu. Nikasema lile bamba lisiandikwe jina langu. Akasema, "Mzee, mchoraji ameshaanza." Nikasema afute. Akafikiri ni unyenyekevu, akaanza kunisifu, nikamkatiza, nikamwambia aliyebuni ni mke wangu.

"Basi tuongeze hapo chini, 'akisaidiwa na mkewe'."

Akisaidiwa! Nilimwambia aache rangi yake, bamba nitalileta mimi.

Nimelitengeneza mwenyewe. Kendi alichora herufi kwa chaki, mimi nikazigonga kwa msumari kutoka nyuma, zikatokeza mbele, mtu asiyeona anaweza kuzisoma kwa kidole. La kwanza niliweka jina langu juu na lako chini. Nikaliangalia. Nikaliangalia tena. Nikalikata kwa mkasi, likawa takataka, na lilikuwa bati zuri. La pili ndilo hili. Linasema:

ILIBUNIWA NA MARIGU WA ISHIARA.
ILIKUNJWA NA MUMEWE.

Jina lako sikuwa nimewahi kuliandika popote, hata mara moja. Na hiyo ya kukunja nimejiandika, usijaribu kunipokonya. Kona za bamba hilo hazina mfano.

Jana tumelipeleka. Mwalimu alikuwa ameandaa mashine ya kuchomelea, waya umeshavutwa, kioo cha macho kiko tayari. "Fundi," akasema, "lichomelee hapo, lidumu." Wanafunzi wote wakasogea kuona mkono wangu.

Nikamwambia azime hiyo mashine. Nikatoboa matundu mawili kwenye nguzo ya shelfu. Nyuma ya bamba nilikuwa nimekunja kulabu mbili. Zikaingia, zikashuka. Basi.

Yule msichana wa ovaroli akalivuta. Halikutoka. Akaongeza nguvu. Halikutoka.

"Inua kwanza," nikamwambia. Akainua, likatoka mkononi mwake kama embe lililoiva. Akalirudisha. Akaniangalia na lile swali lake, hata hakuliuliza tena.

Nikavuta kigoda nikakaa. Nikamwambia, "Kule Ishiara kulikuwa na mzee anafuga nyuki, na binti yake alikuwa anachagua ndengu huku akiongea, hata hainui macho." Nikaeleza yote. Tawi, mzinga, asali, mkasi wangu ulioshikwa bila ruhusa, sukari kilo mbili, kiwiko. Na jiko la miraa nikasema lilikuwa langu. Chai waliyoniwekea ikapoa ikafanya ngozi juu. Msichana aliandika mpaka kalamu ikaisha, akaazima nyingine. Kendi hakuangalia madirisha.

Sasa umeridhika? Sidhani nitajua. Nimerudi, nimeanika ndengu, kufuli la duka limeshika, nimelivuta mara mbili. Kuna mtu wa Chuka anataka shelfu za duka la dawa, na dawa ni vitu vidogo vidogo, sijui nivipange vipi visianguke. Nimekaa hapa na bati safi mbele yangu na nimelifunika kwa gunia nisiliangalie. Nimemwambia aniletee dawa zenyewe kwanza, niziangalie.

Ukipata wazo, unajua mezani mahali pa sahani yangu.

Haya, fundi mkuu.

Ni mimi mumeo, mkunja bati,
Baba Kendi